Prezida wa Njia ya Kabambare

Katika madereva wote wa pikipiki wanaobeba abiria kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, hakuna aliyemsubiri rais mpya kwa moyo kama Pitchou. Wenzake walipiga kura wakarudi kazini. Yeye, tangu kampeni ilipoanza, alifunga bendera ndogo kwenye usukani, akavaa tisheti ya mgombea wake kila siku, hata mkewe, Euphrasie, akachoka kuifua. Na popote aliposimama, iwe ni kununua mafuta au kuomba maji ya kunywa, alihubiri. Huyu akishinda, alisema, shule za msingi zitakuwa bure, vizuizi vya njiani vitaondolewa, na barabara ya Kabambare italainika hadi mwanamke mja mzito ataipita amepakata mayai, na wote wafike salama, mayai, mama na mtoto.

Hakuwa mwongo. Alizaliwa katika nyumba ya wakulima Wakristo karibu na Kasongo, akakua akisikia wazee wakisimulia jinsi mambo ya nchi yalivyokuwa yakienda vizuri zamani. Yeye mwenyewe alichokiona ni matope yanayomeza gurudumu zima. Kwa hiyo mtu aliposema redioni kwamba mambo yatabadilika, Pitchou aliamini kama anavyoamini mwenye njaa aliyesikia harufu ya chakula jikoni.

Mgombea akashinda. Siku hiyo Pitchou alicheza katikati ya mji hadi kiatu kimoja kikapotea, akarudi nyumbani akichechemea na kucheka peke yake.

Shida ilianzia Kalubi. Kalubi ni kijito kinachokata njia kabla hujafika Kabambare, na wakati huo kilikuwa na daraja la magogo mabovu. Kando yake Mama Olga ana kibanda anachouzia bukari, ugali wa huko, na samaki wakavu kutoka Nyangwe, na hapo pia Pitchou alikuwa amehubiri, akaahidi daraja jipya. Pitchou alipopita mara ya kwanza baada ya rais kuapishwa, Mama Olga alimwuliza, kwa upole kama anayeuliza habari za shemeji, rais wake amesema lini atatengeneza daraja lao. Pitchou akajibu kwamba mtu ndiyo kwanza ameingia, hata kiti hakijapata joto. Waliokuwa wakila wakacheka, na tangu hapo wakamwita Prezida.

Mwanzoni jina lilimpendeza. Kisha mvua kubwa zikaja, kijito kikafurika na kubeba daraja lote. Ikabidi pikipiki zivushwe mabegani na madereva na vijana wa kijiji, zikining'inia kwenye miti kama nguruwe aliyewindwa, na abiria wavuke kwa miguu. Kila aliyelowa alijua pa kupeleka malalamiko. Wachimba dhahabu waliokuwa wakielekea Salamabila, suruali zao begani, walimpigia saluti katikati ya maji. Bibi mmoja wa Kabambare, ambaye Pitchou alimvusha mgongoni, alimgonga kichwani njia nzima akimweleza kwamba zahanati yao haina dawa, kana kwamba atakayepanda mgongo huo baada yake ni waziri mwenyewe.

Jioni moja, wakila, alimlalamikia mkewe. Watu wanamdai majibu ya mtu ambaye hajapata kumwona hata kwa mbali. Euphrasie, kiongozi wa kwaya ya parokia, hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

“Ye alifika Kalubi?” akauliza.

“Hapana.”

“Basi kule Kalubi, mutu aliyeahidi ni weye.”

Akamwongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani. Pitchou alikasirika kwanza. Halafu akaanza kuhesabu moyoni mahali pote alipohubiri, kibanda kwa kibanda, na alipofika kwenye habari ya mayai akashindwa kujizuia, akacheka hadi sombe ikampalia.

Safari iliyofuata alimwomba shefu Evariste, mkuu wa kijiji cha Kalubi, awaite watu. Walikuja wakidhani ana habari mpya za Kinshasa.

“Mi simujui Prezida, na Prezida hanijui,” akawaambia. “Lakini maneno ya daraja nilisema mi mwenyewe, hapa hapa. Basi naomba salongo. Mwenye shoka alete shoka.”

Salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, si jambo geni huko, ila kwa kawaida huitishwa na mkubwa. Watu wakatazamana. Shefu Evariste akauliza kama Prezida atakata miti naye, au atakaa juu ya pikipiki akitoa amri. Pitchou akavua ile tisheti, iliyokwisha kupauka, akaitundika tawini, akaomba shoka.

Wa kwanza kuja kusaidia walikuwa madereva waliomcheka kuliko wengine wote, kwa maana mabega yao ndiyo yaliyokuwa yakiumia. Waliangusha miti mirefu, wakaiburuta kwa kamba hadi mtoni. Gogo la kwanza lilipolala kutoka ukingo hadi ukingo, Pitchou alipanda juu yake kuwapungia watu mkono. Gogo likajiviringisha. Akazama mzima mzima, akaibukia mbele kidogo, jani pana limemfunika kichwa kama kofia ya askofu. Kijiji kizima kilikaa chini kwa kicheko, shefu akiwa miongoni mwao. Mama Olga husema hiyo ndiyo siku kazi ilipoanza kweli, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyetaka kukosa litakalofuata.

Aliyeyatuliza magogo ni Iliasi, Mwislamu kutoka Kivu, mchimbaji wa Salamabila aliyekuwa amekwama hapo akisubiri maji yapungue. Miaka mingi alikuwa akitegemeza mashimo ya dhahabu kwa miti, na akawaonyesha jinsi ya kuchonga vigingi na kuvibana ubavuni ili gogo lisigeuke. Maji yalipopungua hakuondoka. Jumamosi kwaya ya Euphrasie ikafika kutoka Kasongo na ngoma zake, wanawake wa kijiji wakaipokea kwa nyimbo za Kibangubangu, na Mama Olga akapika bila kumwuliza mtu kama ana kitu mfukoni.

Daraja lilikuwa limekamilika siku lilipotokea gari la mkubwa mmoja wa mambo ya barabara, akizunguka kuona hali ya njia. Gari likavuka polepole, likasimama. Mkubwa akashuka, akaukanyaga mti mmoja kwa kiatu chake kizuri, akauliza nani kajenga.

“Prezida,” watoto wakajibu kwa pamoja.

Uso wa mkubwa ukang'aa. Akafunga kifungo cha koti, akamshukuru Mkuu wa Nchi ambaye hasahau hata vijiji vya mbali. Watu wakapiga makofi kwa nguvu, wote wakimtazama Pitchou, naye akitazama vidole vyake vya miguu. Angeweza kuacha mambo yaishe hivyo. Lakini ikampitia akilini kwamba mkubwa akiondoka akiamini serikali imekwisha kujenga, serikali haitakuja tena. Akasogea mbele, akaeleza ni Prezida yupi. Shefu Evariste akafumba macho.

Mkubwa akacheka hadi akavua miwani. Akauliza wanahitaji nini, Pitchou akamwambia magogo huoza, wanataka mbao ngumu na misumari mirefu. Mkubwa hakuahidi kitu. Hata hivyo kabla ya kiangazi mbao na misumari vilifika, vimepakiwa juu ya pikipiki, kwa kuwa gari la mizigo lilinasa njiani.

Mbele ya Kalubi matope ni yale yale. Falone, binti yao wa mwisho, ameingia darasa la kwanza bila malipo, na darasa limejaa hadi huandika daftari likiwa mgongoni mwa jirani yake. Pitchou husikiliza redio kila asubuhi, hukasirika, huizima, kisha huiwasha tena.

Juzi Iliasi, anayekula kwa Mama Olga kila apitapo, alimwuliza kama bado anamngojea rais wake.

“Namungojea sana,” Pitchou akasema, akimimina mafuta kutoka kwenye chupa. “Lakini sasa namungojea nikiwa mukavu.”

Akafunika tangi, akamwita abiria wake, mwalimu mwenye kuku wawili kwapani, wakaondoka kuelekea Kabambare.