Kadi ya Intaneti na Kona ya Shamba la Mbaazi

Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na pale Babati mtu yeyote aliyetembea taratibu huku akitazama chini alidhaniwa kuwa mpimaji wa ardhi. Ofisi zilikuwa zinajengwa, barabara zinachorwa, na shamba la mtu liliweza kulala shamba likaamka viwanja. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, mgeni kutoka Iringa, nimepanga chumba mtaa wa Mutuka katika nyumba iliyopakana na shamba la mama mmoja mjane. Hayo ya ardhi sikuyafuatilia. Nilikuwa na mashaka yangu mwenyewe.

Nilikuwa nasoma shahada nikiwa mbali na chuo, na kazi zangu nilizituma kutoka kwenye kibanda kimoja cha intaneti karibu na stendi. Siku moja nikakuta barua pepe zimeshafunguliwa kabla sijazisoma. Tangu hapo sikumwamini mtu pale ndani, hata dada aliyekuwa anafagia. Nikamweleza kaka yangu, fundi wa kompyuta Dar es Salaam, naye akanitumia kwa basi laptop iliyotumika aliyoiwekea mfumo wa Linux.

"Virusi havitakusumbua," aliniambia kwenye simu. "Na humo ndani ina kadi ya intaneti. Toa betri, utaona tundu. Chomeka laini kama unavyochomeka kwenye simu, basi."

Haikuwa basi. Nilichomeka laini, laptop ikawaka vizuri, lakini intaneti hakuna, kana kwamba kadi yenyewe haimo. Nikaanza kuwaza vibaya. Labda waliiopoa njiani kwenye basi. Labda kaka aliuziwa kitu kibovu na hataki kusema. Nilipompigia, aliniagiza nifungue dirisha jeusi la kuandikia amri, nimsomee kila kinachotokea. Nikamsomea herufi na namba mpaka koo likakauka.

"Kadi ipo," akasema, "ila kila ukiwasha mashine inaamka haina kitu kichwani. Inahitaji faili la kuipa akili, na hilo faili lilifutika nilipoondoa mfumo wa zamani. Nitalitafuta."

Faili likaja kwenye flashi, kwa basi tena. Nikalinakili kama nilivyoelekezwa, nikaweka mipangilio ya kampuni ya simu, nikazima, nikawasha. Kadi ikaonekana! Ikatafuta mtandao, ikatafuta tena, ikachoka.

"Bati hilo linakuzuia," kaka akasema. "Toka nje, tembea nayo uone inakamata wapi."

Basi jioni hiyo nikatoka, laptop nimeibeba mkononi kama sinia la chai, simu nimeibana begani. Nikafuata uzio wa minyaa unaotenganisha uwanja wetu na shamba la mama mjane. Napiga hatua, nasimama, nasoma namba za nguvu ya mtandao, ambazo zikipungua ndiyo vizuri, nasogea tena.

"Hapa themanini," nilimwambia kaka kwa sauti, maana laini ilikuwa inakatakata. "Ngoja nifike kwenye kona. Kona ni sabini na moja."

Mbaazi zikachakarika upande wa pili. Nikajua ni mwizi, nikaikumbatia laptop. Akatokea mama mjane na jembe lake.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Unapima nini, mwalimu?"

"Sipimi kitu, mama. Natafuta mtandao."

"Nimekusikia. Umesema kona yangu ni sabini na moja. Unamwambia nani?"

"Kaka yangu, yuko Dar."

"Dar," akarudia, kama vile nimekiri kosa. Akageuka, akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi.

Ningeweza kuingia ndani nikafunga mlango, lakini niliona nikikimbia nitakuwa nimejihukumu. Balozi alikuja kwa upole, akasalimia, akaomba aone. Kwa bahati mbaya kwenye kioo kulikuwa na lile dirisha jeusi tu, limejaa mistari myeupe. Akainama karibu.

"Mwalimu, hizi namba ni za nini?"

"Za kadi, mzee."

"Kadi ya kiwanja?" mama akadakia.

"Hapana, mama, kadi ya intaneti. Imo humu ndani."

"Intaneti naiona kule stendi," balozi akasema polepole. "Ina picha, ina rangi. Hii mbona haina picha?"

Nikaandika amri ya kuunganisha. Safari hii ikakubali. Nikafungua ukurasa wa chuo, na picha ya jengo la ghorofa ikashuka kidogo kidogo mpaka ikatimia. Nilifurahi nikadhani mambo yamekwisha.

Mama akasogea, akainamia kioo. "Hilo jengo," akauliza, "wanataka kulijenga wapi?"

Balozi alituamuru tuishi vizuri, akaondoka. Lakini mtandao ulikamata pale kwenye kona tu, kwa hiyo kila jioni nilipeleka kigoda changu pale, na kila jioni mama alikuja kupalilia sehemu isiyokuwa na jani hata moja. Yeye alililinda shamba dhidi yangu, nami niliilinda laptop dhidi yake.

Kisha wapimaji wa kweli wakaja. Asubuhi moja nikasikia mlango unagongwa. Ni mama, anahema. "Njoo," akasema. Nikafuata. Shambani walisimama vijana na darubini yao ya miguu mitatu.

"Mwenzenu huyu hapa," akawaambia. "Muulizeni mpaka wangu. Alishaupima."

Mkubwa wao akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Wewe ni wa ofisi gani?"

"Mimi ni mwalimu. Jirani."

"Mwalimu anapima mashamba ya watu kwa kibali cha nani?"

Nikawaeleza habari ya kadi, ya bati, ya kona. Nilivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika uongo, hata masikioni mwangu. Hakuna aliyecheka. Waliendelea na kazi yao wakinitupia macho, na mwishowe kigingi wakakipigilia nje ya minyaa. Shamba likabaki zima.

Walipoondoka, mama alinisogelea, akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Waambie wakubwa zako nimeshukuru."

Nilifungua mdomo nimweleze tena. Nikamjibu kwamba nitawafikishia.