Kipimo cha Joto cha Ofisini

Ofisi yetu ya kununua mahindi pale Kitale, miaka ya hamsini, ilikuwa na vyumba viwili na moto mmoja. Moto ulikuwa kwa bwana mkubwa, Mzungu. Sisi makarani wawili tulikaa ng'ambo ya ukuta, na sheria yake ilikuwa kwamba jiko letu la makaa litawashwa tu kipimo cha joto kikishuka chini ya nyuzi sitini za Farenhaiti. Na kipimo chenyewe alikitundika wapi? Kwenye ukuta uleule uliopakana na dohani ya moto wake. Moto wake ulikipasha joto kipimo, sisi tukabaki kupuliza vidole.

Mimi nilitoka Bungoma, kwenye joto la kibinadamu, na kazi yangu ilikuwa kupiga taipureta. Vidole vikifa ganzi, magunia sabini huwa sabuni. Nilikuwa nimeharibu barua mbili. Ya tatu ingenirudisha nyumbani, ambako baba alikwisha kulitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni karani. Nikaenda kulalamika.

"Mimi naamini kipimo," bwana mkubwa akasema. "Kipimo hapana danganya."

Haya basi. Mchana huo ikanyesha mvua ya mawe. Nikatoka na mkebe wa tumbaku, nikaujaza barafu, nikakizamisha kipimo humo mpaka kikasoma thelathini na nne. Karani mwenzangu, mzee wa miteremko ya Elgon ambaye hakuwahi kumiliki koti, akatikisa kichwa.

"Umezidisha, bana. Ati sasa hii ni ofisi ama ni kilele cha mlima?"

Nikakirudisha kipimo ukutani, nikaficha mkebe kwenye droo, nikamwita bwana mkubwa. Bwana mkubwa akasoma, akavaa miwani, akasoma tena. Neno lake lilikuwa limemfunga. Mimi nikajikunyata na kutetemeka kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Hakunitazama. Alikwenda kwenye taipureta, akaiwekea kiganja kama mama anayempima mtoto homa.

"Baridi hii taharibu mashine. Peleka kwa moto. Na wewe fuata yeye."

Nikaibeba, nikaifuata. Ukuta ulipokipasha joto kipimo kikapanda tena, hivyo jiko la mzee halikuwashwa. Barua ya tatu ilitoka safi, nikabaki na kazi yangu. Niliumia hata hivyo, siwezi kuficha. Saa kumi bwana mkubwa alivua shali lake shingoni, akaifunika mashine vizuri, akaniambia nifunge mlango nikitoka.