Nyundo ya Risasi

Jumatano. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali.

Leo nimepita kwa fundi wa betri, nikamsikia anasema, "Lete risasi tuyeyushe." Nikaona haya peke yangu.

Baba alikuwa fundi wa magari Shinyanga. Alasiri moja, nikiwa mdogo, Mzungu alileta kigari chake cha wazi, anakwenda Geita. Kila gurudumu lilishikwa na nati moja kubwa katikati, yenye masikio, inayokazwa kwa kugongwa. Palinuka grisi na petroli. Baba akaniambia, "Mama, niletee nyundo ya risasi."

Mimi risasi niliyoijua ni ya bunduki. Sikujua kuwa ni madini laini pia, yasiyochubua nati. Sikwenda; akaichukua mwenyewe, akaanza kugonga. Nikamng'ang'ania mkono nalia, "Baba, itakulipukia!" Wateja wakaangua kicheko. Mzungu naye akasema, "Basi fundi, inatosha."

"Bado, Bwana. Gurudumu hili moja halijakazwa. Likichomoka njiani, atakufa mtu."

Akanibana kwapani kama kuku, akagonga mpaka mlio ukabadilika. Wale wateja huenda hawakucheka kwa ubaya, sijui.

Jioni tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Baba akanipa kipande: "Kula, mama, hakina risasi." Nilikula nimeinama, nikitafuna polepole, maana sikuwa na hakika.