Hoteli Nilizokula Ruangwa na Nachingwea, na Yangu Isiyokuwa na Mlaji

Mwaka 1947, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, ndipo taabu yangu ilipoanza. Baba alifariki kwetu Kiegei, shamba likaenda kwa wapwa zake kama desturi yetu ilivyo, nami nikabaki na jembe moja na shuka niliyojifunga. Nikaenda Nachingwea kung'oa visiki kwenye kambi za Waingereza waliokuwa wakifungua mashamba ya karanga. Baada ya miaka miwili nikaoa Mbekenyera na kuhamia huko, maana kwetu mwanamume ndiye anayemfuata mke. Shule nilikaa miezi minane tu. Anayetaka maandishi ya kupendeza amtafute mwalimu. Anayetaka kujua wapi pa kula na wapi pa kupita bila kugeuza shingo, anisikilize mimi.

Kambini nilijifunza kwa mpishi kutengeneza chai na mandazi. Basi fedha niliyotoka nayo huko nikaijengea hoteli Mbekenyera, ya kwanza pale, na nasema ya kwanza kwa sababu ni kweli. Nguzo sita, paa la nyasi, mabenchi mawili. Ukuta sikuweka hata mmoja, nilitaka watu waione. Nikaijenga penye njia ya kisimani, kwa kuwa hapo kijiji kizima hupita asubuhi na jioni.

Watu walikuja. Hilo ndilo lililonichanganya akili. Wanaume walikaa, wakaagiza, wakaanza kula vizuri. Akina mama wakipita na mitungi yao, mimi nainama kupuliza moto, maana mama mkwe huwa miongoni mwao na adabu hainiruhusu kumkodolea macho. Nikiinuka, benchi tupu! Mandazi yamelala pale, kila moja limeng'atwa mara moja. Nikaokota moja, nikalionja. Halina kasoro. Nikaongeza sukari, wakakimbia. Nikapunguza, wakakimbia vilevile. Kumwuliza mtu nisingeweza. Mimi niulize kwa nini mandazi yangu hayaliki?

Mzee Chilumba, mjomba wa mke wangu Somoe na mwenye kauli katika ukoo ule, akaja kuzigonga nguzo zangu kwa fimbo, moja moja.

"Mkwe, huu ni mninga?"

"Ni mninga, mzee."

"Mti mzuri. Nami nataka kujenga ghala. Ufuta ukishavunwa, kama hapa bado wanakaa nzi peke yao, nguzo zinakuja kwangu, na wewe unashika jembe kama waume wenzako."

Ufuta ulikuwa umekwisha kudondosha maua na majani yake yameanza kuwa ya njano. Nikamwambia Somoe nasafiri, nakwenda kula katika hoteli za watu mpaka nijue wenzangu wana nini nisicho nacho. Somoe akacheka hata akaketi chini.

"Mume wangu, watu husafiri kwa njaa. Wewe unasafiri kwenda kushiba?"

Siku ya kwanza, Ruangwa. Niliondoka alfajiri kwa miguu, nikafika jua limeshakuwa kali. Hoteli ya pale ilikuwa ya mtu aitwaye Hemedi, nyumba ya udongo isiyo na dirisha. Ndani giza, mtu unapapasa kikombe kama unatafuta sindano. Chai ina tangawizi ya kukohoza. Mbaazi za nazi nzuri sana, nilisafisha bakuli kwa kidole. Mandazi yake ni ya kupigia mbwa. Na bado watu wamejaa, wamebanana kama ndizi kwenye chane!

Nikamwuliza Hemedi, "Bwana, watu hawa wanafuata nini humu?"

"Wanafuata tumbo," akasema. "Wewe umefuata nini?"

Nikaamua siri ni tangawizi. Nikanunua fungu zima. Ukifika Ruangwa, basi, kula mbaazi, mandazi waachie wenyewe.

Siku ya pili nililala Mkotokuyana kwa ndugu wa marehemu baba. Kule hakuna hoteli, lakini kwa chakula ningewapa namba moja safari nzima: ugali wa mtama, kisamvu cha karanga, na kuku waliyemkimbiza mbele ya macho yangu. Tulikula wanaume kwenye sinia moja nyuma ya nyumba, kwenye ua. Nilipomweleza baba mdogo safari yangu, tonge lilimsimama mkononi.

"Yaani wewe unapika chakula, halafu unamwuzia jirani yako?"

"Ndiyo, baba."

"Na jirani akikataa kula, unakwenda Nachingwea kuuliza kwa nini?"

"Ndiyo, baba."

Akamgeukia mkewe aliyekuwa ndani. "Mama Fulani! Mwongezee huyu mboga. Jua limemchoma kichwani."

Siku ya tatu nikapanda lori la magunia, nikashuka Nachingwea adhuhuri nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mji ule ulikuwa umekua upesi kama uyoga. Wamakonde, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, na kila mmoja ana njaa. Nikasema hapa siri itajulikana.

Nikaanza kwa Binti Kazumari, kwa sababu moshi wake ulionekana tangu mbali. Sijawahi kula mahali pabaya namna ile, na nimekula pengi. Ukuta ni magunia ya zamani yaliyoning'inizwa pande zote, ukiingia lazima uinue moja, na vumbi la unga likumwagikie kichwani. Samaki mkavu ana mchanga. Ugali haukuiva katikati. Mabenchi manne yamejaa hata mtu anakula amesimama! Na si wageni tu, nilisikia Kimwera, lugha yetu, kila upande, wenyeji wa hapohapo, watu wenye wake na nyumba. Nikamsogelea mwenyewe, mama mnene mwenye mwiko mkubwa.

"Dada, samaki huyu ana mchanga."

"Umelipia samaki, mchanga nimekupa bure."

Benchi zima likacheka. Nikavumilia. "Niambie siri yako, dada. Kwa nini wanakuja?"

"Kula utoke, kaka yangu. Mwenzako anataka kukaa."

Nilitoka sielewi kabisa. Hapa hapana tangawizi. Nikafikiri labda watu wanapenda uchafu. Labda wanapenda kutukanwa. Usiku ule nililala nikiwaza namna ya kuwatukana wateja wa Mbekenyera, na kila nilipojaribu tusi niliona huyu ni shemeji, huyu ni mjomba, haitawezekana.

Siku ya nne asubuhi nikaenda kwa Maulidi, mtu wa Tanga. Hapo wasomaji wangu mtie alama. Baraza pana inayotazama barabara, meza zina vitambaa, chapati laini zinazochambuka tabaka tabaka, mchuzi wa mbuzi wenye bizari, chai ya maziwa iliyotulia. Walaji walikuwa mimi na dereva mmoja mgeni, ambaye naye alimaliza akaondoka.

"Chakula kizuri hivi, watu wako wapi?" nikamwuliza.

Maulidi akaketi mbele yangu, kitambaa begani. "Ndugu yangu, mimi mwenyewe ningependa kujua. Wageni wanakula. Wenyeji wanakuja, wanaagiza, wanatazama barabarani, halafu mtu anainuka ghafla kama ameona chui. Mwaka wa pili huu."

"Wanaacha chapati imeng'atwa mara moja?"

"Mara moja! Umejuaje?"

Nilitaka kumkumbatia. Tulikuwa watu wawili wenye ugonjwa mmoja. Nikakata kipande kikubwa cha chapati, nikakitia mdomoni, nikainua macho barabarani.

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja.

Jina lake silitaji hata leo. Alikuwa na kikapu cha unga kichwani, amekuja kumtazama binti yake mdogo aliyejifungua hapo Nachingwea. Anatembea taratibu, akitazama kila baraza. Kwetu mwanamume hali mbele ya mama wa mkewe. Hatafuni, hamezi, hata kikombe hakiinui. Sikufikiri kitu. Nilijikuta chini ya meza ya Maulidi, magoti yamegusa masikio, chapati mdomoni haiendi mbele wala nyuma.

"Ndugu! Umeugua?" Maulidi akainama kunitazama.

Nikamfanyia ishara anyamaze. Lakini miguu yangu ni mirefu, na viatu vya matairi nilivyovaa alinishonea kaka yake Somoe, yaani mtoto wa huyo mama mwenyewe. Nikasikia hatua zikisimama. Kikapu kikatuliwa. Mama mkwe akaketi pembezoni mwa barabara, akatugeuzia mgongo, akasema kwa sauti ya kusikika sokoni:

"Mwenye nyumba, hodi."

"Karibu mama, karibu ndani! Chapati zipo, chai—"

"Sikaribii. Nina ujumbe, na wewe ndiye utakayeufikisha. Umwambie aliye chini ya meza yako kwamba Mbekenyera kisima ni kimoja."

Maulidi akanitazama, akautazama mgongo wa mama. "Anasema kisima ni kimoja."

"Umwambie kila mama wa pale ana mkwe, na kila mkwe ana tumbo. Tukitokea na mitungi, wanaume wanaruka kutoka kibandani kwake kama panzi kwenye moto. Mmoja amekwisha kuvunjika kidole. Sisi tumeona haya, sasa siku nyingine tunazunguka kule kwenye mawe, na mimi magoti yangu si ya msichana. Umemwambia?"

"Amesikia, mama. Nadhani amesikia."

"Umwambie kwamba kaka yangu Chilumba naye hawezi kula pale kwa sababu hiyohiyo. Mama wa mkewe bado yu hai na anateka maji mwenyewe. Kaka hawezi kusema, ni aibu. Basi anasema habari za ghala. Ufuta unavunwa siku hizi mbili tatu. Asipoziba ule upande wa kisima, nguzo zitang'olewa na sitasema neno la kumtetea. Na umwambie ateme hiyo chapati, atapaliwa."

Akajitwika kikapu, akaenda zake bila kugeuka.

Nilitoka chini ya meza, nikaitema chapati. Maulidi aliniletea maji. "Kwetu Tanga mkwe naye twamheshimu," akasema, "lakini si mpaka mtu aingie chini ya meza." Halafu akaitazama baraza yake pana, akaitazama barabara, na nikaona uso wake ukibadilika.

Nikakumbuka giza la Hemedi, ua wa Mkotokuyana, yale magunia ya Binti Kazumari. Kumbe wote walikuwa wamenionyesha, nami nilikuwa naonja tangawizi! Na pale kwangu, kila mitungi ilipopita mimi nilikuwa nimeinama kwenye moto kwa adabu ileile iliyokuwa ikiwakimbiza wateja. Nisingeweza kuona hata kwa miaka kumi.

Siku ya tano nilinunua magunia kumi na mawili matupu dukani, Maulidi akanunua ishirini. Nikarudi kwa lori hadi Ruangwa na kwa miguu hadi Mbekenyera, mzigo kichwani. Njiani nilikuta watu wamekwisha kukata ufuta na kuusimamisha ukauke, nikaanza kukimbia.

Nilifika nikamkuta Mzee Chilumba na vijana wawili na kamba, wameshaanza kuchimba nguzo ya kwanza. Sikuamkia mtu. Nikafunga gunia la kwanza upande wa kisima, nikafunga la pili. Wao wamesimama tu. Nilipofunga la sita Mzee akawaambia vijana, "Fukieni hilo shimo."

Kesho yake asubuhi akaingia kwa upande wa nyuma, akaketi, mgongo kwenye magunia. Tukasikia akina mama wanakuja wakizungumza. Niliona shingo yake ikikakamaa. Wakapita. Mama mkwe wangu akakohoa mara moja pale nje, kikohozi kikubwa cha makusudi, na mitungi ikaendelea zake. Mzee akashusha pumzi, akala mandazi matatu, akanywa vikombe viwili.

"Tangawizi imezidi," akasema. Habari za ghala sikuzisikia tena.

Baadaye nimekula pengi. Lindi nimekula pweza wa nazi karibu na soko, nampendekeza. Nimevuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno, nikala kuku wa pilipili aliyenitoa machozi na mkate mgumu wa kuvunjia meno. Kuku kula, mkate acha. Kwa Maulidi ukienda siku hizi utakosa pa kukaa. Kila niingiapo hoteli ya watu, kabla sijatazama sufuria natazama mtu akikaa anaonwa na nani. Hilo ndilo nililojifunza, na lilinigharimu safari ya siku tano kwa kitu kilichokuwa hatua kumi kutoka jikoni kwangu.

Mama mkwe alikoholea magunia yale kila asubuhi mpaka alipofariki. Nilimpelekea mandazi ya moto kila siku kwa mkono wa Somoe. Sikuwahi kumwona akila, naye hakuwahi kuniona. Siku ya maziko yake nilifunga hoteli, na nilipokaa peke yangu nyuma ya magunia nikajikuta nasikiliza njia.

Leo nina hoteli mbili, moja Mbekenyera na moja Ruangwa. Nina meza kumi na moja, mabenchi ishirini na mawili, masufuria makubwa saba. Nina nyumba ya bati yenye vyumba vinne, shamba la mikorosho, shamba la ufuta, baiskeli moja, mbuzi tisa. Kuta za hoteli zote mbili ni za udongo, kasoro upande mmoja wa ile ya Mbekenyera, unaoelekea kisimani. Hapo pana gunia moja la zamani, nalo pia ni langu.