Baiskeli Iliyoweza Kila Njia

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, huko Ilemela.

Miaka ile bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kumiminika madukani, nami nikanunua baiskeli ya gia. Ndugu yangu, acha tu! Tairi pana zenye meno, gia unabadilisha kwa kidole gumba. Asubuhi inabeba mitumba yangu hadi mnadani, jioni inampeleka mke wangu Kabula kwenye kwaya, Jumapili nashindana nayo na vijana. Wenzangu walikuwa na baiskeli ya mizigo au ya matembezi. Mimi nilikuwa na moja inayofanya yote.

Siku hiyo nilikuwa nateremka kutoka Kiseke kwenda ziwani kununua samaki. Mzee mwembamba mwenye koti jeusi akaja ubavuni mwangu juu ya baiskeli kuukuu.

"Shikamoo, mzee."

Akaitazama baiskeli yangu, akatabasamu. "Hiyo inaweza mawe?"

"Inaweza sana!"

Akakata kona kuelekea kwenye majabali. Nikamfuata. Niamini, tulirukaruka kama mbuzi, nami nacheka kwa sauti! Tukatokea barabarani.

"Na lami?"

Nikaweka gia nzito, nikakanyaga mpaka upepo ukanitoa machozi. Bado tulikuwa sambamba. Hapo nikatupa jicho chini. Baiskeli yake haikuwa na cheni! Pedali zinazunguka bure, lakini magurudumu yanakwenda.

Mwenye akili angefanya nini? Angesimama. Mimi nilitaka kumshinda tu.

"Na mchanga?" akauliza, tukiingia ufukweni.

"Inaweza!"

"Na maji?"

Hakungoja jibu. Akaingia ziwani, akawa anakwenda juu ya maji kama mtu aliye barabarani. Nikapiga kelele, "Inaweza!" nikamfuata.

Baiskeli haikuzama. Naapa mbele ya Mungu, haikuzama! Maji yalikuwa imara chini ya tairi, njia nyororo kuliko lami yoyote. Sijawahi kufurahi vile maishani.

"Wewe baba! Unakwenda wapi peke yako?"

Alikuwa mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa ufukweni. Peke yangu? Nikageuka kumtazama yule mama. Papo hapo maji yakafunguka, nikazama na baiskeli yangu.

Wavuvi walinitoa nikiwa nimelegea kabisa. Baiskeli waliivua kwa wavu siku ya pili, mahali ambapo hata upondo mrefu wa kusukumia mtumbwi haugusi chini. Yule mama alisema hakuona mzee yeyote. Aliniona mimi tu, nacheka juu ya maji, akadhani mimi ndiye jini.

Baiskeli ninayo hadi leo, na bado inapanda, inabeba, inakimbia. Lakini nikikaribia ziwa tu, pedali zinakuwa nyepesi zenyewe na usukani unavutwa kuelekea majini. Hapo nashuka, naikokota kwa mikono miwili. Kabula hataki tena kupanda nyuma yangu. Anatembea kwa miguu hadi kanisani, mvua ije, jua liwake.

Wewe unayenisikiliza, ukiwa na chombo kizuri, kifurahie. Ila siku mtu usiyemjua akija ubavuni mwako akakuuliza kinaweza nini, mwambie ni kibovu. Kisha shuka, ugeuze, urudi kwenu.