Penina Alikuwa Baharini

Siku nyumba yao inachomwa moto Ngare Nanyuki, Penina alikuwa kwenye maji ya bahari, Mombasa, anacheka.

Si kwamba hakuambiwa. Aliambiwa.

Kaeni vizuri ndugu zangu niwasimulie, maana huyu Penina ndiye bibi yangu mzaa mama, na haya nimeyapata kwake mwenyewe.

Mwaka ni 1951, Mwingereza ndiye mwenye nchi. Serikali imeamua Wameru wa Ngare Nanyuki watoke, mashamba wapewe wazungu. Wameru nao wamesema hawatoki ng'o. Kila wiki watu wanaambiwa askari wanakuja, na kila wiki askari hawaji.

Penina wakati huo ni binti, yaya mjini Arusha kwa Manubhai, Mhindi wa duka la vitambaa. Kazi yake ni kumlea Hansa, mtoto wa kike ambaye ndiyo kwanza anajua kukimbia. Mke wa Manubhai aliitwa Pramila, lakini kwa Penina alikuwa Mama Hansa.

Sasa Mama Hansa akapanga kwenda kupumzika Mombasa kwa kaka yake. Yaya naye ajiandae.

Jamani, Penina alitangaza kanisa zima. Maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya ziwa Duluti tu. Leo anakwenda kuoga baharini!

Siku moja kabla ya safari, kaka yake Yoeli akatokea mlango wa nyuma, vumbi hadi kwenye nyusi. Safari hii askari wamefika kweli, wamepiga na mahema. Baba yao alishakufa. Yoeli lazima awahi kuwaondoa ng'ombe, kwa hiyo mama yao, Tabea, atabaki peke yake na Susana, kitindamimba wao, ambaye kifua kinambana. Mama anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba vitu.

Penina akamwambia atangulie. Ataomba ruhusa, atakuja nyuma yake. Yoeli akaondoka mbio.

Na ruhusa aliomba kweli. Mama Hansa hakufikiri mara mbili.

"Nenda kwenu, Penina. Nitamwambia baba Hansa akutafutie lori. Bahari utaiona mwaka mwingine."

Penina alisimama pale sebuleni. Masanduku yalikuwa yamefungwa tayari, na gauni jipya aliloshonewa kwa ajili ya safari limelazwa juu ya masanduku.

"Mama yangu anakuza mambo," akasema. "Wanatutisha hivyo tangu zamani. Tutakwenda tu, Mama Hansa."

Wakapanda treni.

Bibi anasema bahari ile ilimpumbaza. Mwamba ulikuwa umekinga mawimbi kule mbali, na huku ndani maji yametulia kama ya kwenye beseni, ya uvuguvugu, unaona mpaka vidole vya miguu. Watu wa likizo wamejaa, wa Nairobi, wa Kampala, kila mtu na watoto wake.

Penina aliingia na kanga, Hansa kiunoni. Mama Hansa akamshika mkono, sari imelowa hadi kifuani. Hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Hansa akapiga maji kwa viganja, wakalowa wote vichwa, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Katikati ya kicheko akakumbuka kikohozi cha Susana. Akajiambia ataangalia akirudi.

Kisha akajitumbukiza tena majini.

Aliporudi Arusha akaambiwa mama yake yuko Sekei, kwa shangazi yao Marta. Akaenda mbio. Mama alikuwa amekaa chini, nywele zimenyolewa. Shangazi ndiye aliyemweleza. Tabea alimbeba Susana mgongoni, mkononi akabeba sufuria. Mablanketi yakabaki ndani, yakaungua na nyumba. Kule askari walikowapeleka wakanyeshewa usiku na mchana. Kichomi kikamwondoa Susana.

Mama akainua macho.

"Ulikuwa wapi?"

Penina alifungua mdomo ili aseme ukweli. Haki ya Mungu alitaka kuusema. Kilichotoka ni hiki:

"Mama Hansa alinikatalia."

Basi. Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Shangazi akasonya, akasema hao Wahindi ndivyo walivyo.

Neno hilo likatembea. Wanawake wa Kimeru na wa Kiarusha wakaacha kuingia duka la Manubhai. Mmoja akatema mate pale mlangoni, Mama Hansa anamtazama. Akamuuliza Penina amewakosea nini watu hawa. Penina akaendelea kukunja nguo za mtoto, akasema hajui.

Siku ya Jumapili Mama Hansa akasema anakwenda kumpa pole mama Penina. Penina akaleta visingizio vyote: njia ina matope, mama anaumwa. Mama Hansa akabeba sukari na majani ya chai, wakaenda.

Walipofika, Penina akapewa birika awamiminie wageni. Mama Hansa akatoa pole zake. Tabea akamkazia macho.

"Wewe ndiye uliyemkatalia mwanangu asije kunisaidia?"

Mama Hansa akamtazama Penina. Bibi anasema yeye aliinamisha macho kwenye birika.

Mama Hansa akainama, akamgusa Tabea miguu, kama Wahindi wanavyofanya kwa wakubwa wao.

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Nisamehe."

Tabea alilia. Alilia sana, halafu akamshika yule mwanamke bega.

"Nimekusamehe. Penina, mpe mwenzangu chai."

Na Penina akamimina.

Alimsindikiza Mama Hansa mpaka darajani, machozi yanamtoka, akitafuta pa kuanzia. Mama Hansa akamwahi.

"Mama yako ameshazika mmoja. Nilishindwa kumwambia kwamba na wewe ulimwacha." Akajitanda vizuri sari yake. "Kuanzia kesho usije kazini."

Tabea aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila alipomwombea Susana, alimshukuru Mungu kwa kumpa moyo wa kumsamehe yule mama wa Kihindi, na Penina, pembeni yake, akaitikia amina.

Nilimuuliza bibi kwa nini hakumwambia mama yake hata siku moja. Akasema mama angelazimika kuanza kusamehe upya, na yeye hakuwa na uhakika kama angesamehewa.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mtu umemkosea na bado anapumua, mwendee wewe mwenyewe. Usingoje. Bibi yangu msamaha wake aliuona kwa macho, ukienda kwa mtu mwingine, na yeye akabaki amesimama na birika.