Chale za Kifuani

Mwaka ule wa machafuko, wageni walitoweka Diani, na baiskeli nilizotumia kuwatembeza wageni wa hoteli zikabaki stoo zikishika kutu. Hali ilipoanza kutulia, meneja alitaka tuwe na mzunguko mpya: kutoka mji wa Msambweni, kupanda mashambani hadi Kikoneni, kisha kuteremka hadi barabara ya lami na kurudi mjini. Haikuwa njia ngumu. Vilima vya wastani, mikorosho, minazi, mihogo.

Dada wa mapokezi ndiye angewaeleza wageni habari za njia hiyo, naye akakataa.

"Siwezi kumwambia mtu ni salama na mimi sijaipita," alisema. "Twende wote."

Nilistaajabu. Yeye alikuwa mtu wa bara, na watu wa bara ndio waliokuwa wakishambuliwa. Wenzake walichomewa nyumba Ukunda, na mwenyewe alilala kanisani siku za mwanzo za vurugu.

Tulianza asubuhi. Msambweni mjini aliwapa shikamoo wazee wote waliokaa barazani, kwa sauti kubwa kupita kiasi, na nikajua anaogopa. Nilimtanguliza ili nimwone.

Lakini tulipoiacha lami, mashamba yalikuwa matupu. Mahindi yalikuwa yamekauka bila kuvunwa. Tulipita nyumba iliyoachwa wazi, kuku wakiingia na kutoka.

"Watu wako wapi?" aliuliza.

"Wamejificha msituni."

"Wananiogopa mimi?"

"La, dada. Wanawaogopa askari. Askari wanasaka vijana wa hapa."

Aligeuka akanitazama, kama aliyekumbuka ghafla kuwa mimi pia ni kijana wa Kidigo.

Tulikuwa tunakikwea kilima cha mwisho kabla ya Kikoneni, mapaja yakiuma, niliposikia lori nyuma yetu. Hapakuwa na pa kukimbilia. Askari walishuka, na mkubwa wao akanielekezea rungu.

"Vua shati."

Nilijua wanachotafuta. Ilisemwa kwamba washambuliaji walikula kiapo wakachanjwa, na mimi kifuani nilikuwa na chale. Bibi yangu alinichanja utotoni, nilipokuwa nikisumbuliwa na pumu. Nilikuwa bado kwenye kifungo cha pili. Askari mmoja akalipasua shati.

"Haya! Hizi ni nini?"

"Ni za pumu, afande. Za utotoni."

"Wote mnasema pumu. Lala chini!"

Nililala, shavu mchangani. Nikaanza kusoma shahada kimoyomoyo, na maneno niliyoyajua tangu chuo cha Kurani yakanipotea katikati.

"Dada, wewe endelea na safari yako," mkubwa alisema. Kisha akamsemesha kwa lugha ya kwao, kwa upole, kama mtu na binamu yake.

Yeye akamjibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Siendi. Mama yake akiniuliza mwanawe, nitampa nini? Baiskeli?"

Nikasikia chuma kikianguka. Alikuwa ameilaza baiskeli yake mbele ya lori akakaa juu yake.

"Zitazame vizuri," alisema. "Makovu ya juzi yanafanana na hayo?"

Mkubwa aliniinua kwa nywele. Alizibonyeza chale kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, polepole. Pumzi ilikuwa imenibana kama zamani nikiwa mtoto. Sijui alikaa hivyo muda gani.

"Nendeni," alisema hatimaye. "Nisiwaone tena huku."

Tuligeuza baiskeli, tukateremka bila kukanyaga pedali wala kugusa breki, shati likinipepea mgongoni. Tulipofika kwenye lami, yeye alishuka, akainama kando ya barabara, akatapika. Nilimshikia baiskeli. Nilitaka kumshukuru, lakini meno yalikuwa yakigongana, na nilichoweza kusema ni, "Pole, dada. Pole."

"Usiseme kitu," akanijibu, akijifuta mdomo. "Panda tuondoke."

Msambweni haikuwa mbali, lakini kila gari liliponguruma nyuma yetu tulishuka sote wawili tukaingia majanini, mpaka lipite.